Kisutu hadi Kariakoo: Ukitaka kuujua mji, shuka garini

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Saa nne asubuhi ya Jumamosi, Mtaa wa Kongo, Kariakoo, haupitiki. Guta lililosheheni majora ya vitenge limekwama katikati ya njia, na mwenye nalo ameshuka analisukuma kwa bega. Nyuma yake bodaboda zinapiga honi. Mbele yake mama mwenye mtoto mgongoni na kiroba kichwani anatafuta pa kukanyaga. Kulia kuna turubai la viatu vya mtumba, kushoto ngazi ya duka imejaa maboksi ya vyombo vya plastiki.

“Pisha! Pisha mzigo!”

Njia ya waenda kwa miguu ipo. Ukiinama utaiona, chini ya meza za soksi na chaja za simu.

Upande wa mashariki, mwendo wa nusu saa tu kutoka hapo, Mtaa wa Kisutu una sura nyingine kabisa. Harufu ya udi inatoka hekaluni, mzee anafungua mlango wa duka la vyombo, na mtu anaweza kutembea kwenye kivuli cha roshani za juu pasipo kugusana na mwenzake. Hata hivyo, kivuli hicho nacho kinapungua. Kila mwaka majengo mengine ya zamani yanaangushwa na nafasi yake inachukuliwa na ghorofa ndefu ambayo chini yake ni geti la kuegesha magari.

Kati ya mitaa hiyo miwili kuna matembezi ambayo miji mingi ya Afrika Mashariki ingeyaonea wivu: mahekalu, misikiti, makanisa, maduka ya kanga, kahawa na kashata, klabu ya Simba, nyumba ilikozaliwa TANU, na soko ambalo wateja wake wanatoka Lubumbashi hadi Moroni. Tatizo ni kwamba kipande cha ardhi kinachoyaunganisha yote hayo, yaani ile njia ya kupita mtu, kinagombewa na kila mwenye nguvu. Mtembeaji, asiye na chama wala dalali, ndiye anayeshindwa.

Mpango wa kuwatenga watu

Dar es Salaam haikupangwa ili watu wake wachanganyike. Sultan Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu miaka ya 1860. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia hapa makao makuu yao kutoka Bagamoyo, na mwaka huohuo wakatoa kanuni za ujenzi zilizoamua nyumba ya aina gani ijengwe upande gani.

Waingereza walipoupokea mji waliendeleza wazo hilo. Mwaka 1924 waliugawa katika kanda tatu. Ya kwanza, upande wa bahari, ilikuwa ya nyumba za Kizungu, ndiyo Uzunguni. Ya pili ilikuwa ya maduka na makazi ya Wahindi, Uhindini, ambako ndiko Kisutu iliko. Ya tatu ilikuwa ya nyumba za Waafrika, Kariakoo na Ilala. Maneno ya kanuni yalihusu vifaa vya ujenzi. Matokeo yake yalihusu rangi ya ngozi.

Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya, kwamba nafasi hiyo ingezuia maradhi yasivuke. Watu walikusudiwa wasivuke vilevile.

Mpango huo uliharibiwa na tumbo na mfuko. Wahindi walifungua maduka ndani ya Kariakoo kwa sababu wanunuzi walikuwa huko. Waafrika walivuka kwenda Uhindini kufanya kazi, kununua nguo na kukopa. Washihiri kutoka Hadhramaut walitembeza kahawa pande zote. Wamanyema, Wanyamwezi, Wanubi, Wangazija na Wazaramo walijenga Kariakoo nyumba zenye korido katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma na baraza mbele. Mitaa yenyewe inawataja waliofika: Nyamwezi, Sukuma, Kongo, Pemba, Swahili.

> Kanda tatu za 1924 zilichorwa kuwatenga watu. Biashara ya rejareja, iliyofanywa kwa miguu, ndiyo iliyozitoboa.

Duka chini, nyumba juu

Anayetaka kuielewa Uhindini aanzie Mtaa wa Kisutu, aende Indira Gandhi, Zanaki, Jamhuri na Libya, huku akiangalia juu. Chini ni mabango ya simu, benki na maduka ya dawa. Juu yake, kwenye paji la jengo, mara nyingi kuna mwaka uliochongwa kwa saruji, wa miaka ya 1930 au ya 1940, pamoja na jina la ukoo ulioujenga ukuta huo. Pembe za majengo zimezungushwa, madirisha yana vivuli vya zege, na roshani zimening’inia juu ya njia.

Mtindo wake ni mmoja: duka chini, nyumba juu. Mwenye duka alishuka ngazi na kufika kazini. Usiku taa za juu ziliuangaza mtaa, na macho ya waliokaa roshanini yalikuwa ulinzi usiolipiwa. Ndiyo maana mitaa hii ilitembeka hata baada ya magharibi.

Madhehebu yamepakana hapa kuliko mahali pengine popote mjini. Mahekalu ya Kihindu yamepangana Mtaa wa Kisutu. Khoja Ithnaasheri wana msikiti wao Mtaa wa Indira Gandhi. Ismailia wana jamatkhana yenye mnara wa saa, ya mwaka 1930. Wabohora hupita na rida za rangi ya waridi, bluu na kijani. Hatua chache kutoka hapo ni Msikiti wa Kitumbini, na ukiendelea kuelekea bandarini unakutana na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu na Kanisa la Kilutheri la Azania Front, yote mawili kazi ya enzi ya Wajerumani.

Utajiri mwingine wa Kisutu ni mdogo kwa umbo, na asiyesimama hauoni. Chukua muuza tambuu. Anafuta jani bichi kwa kitambaa chenye maji, analipaka chokaa kwa kidole, anaongeza katu, anatupia popoo iliyokatwa vipande vyembamba. Ukitaka tamu, anaweka nazi iliyotiwa rangi na punje za shamari, kisha analikunja pembe tatu na kukukabidhi. Kazi yote haifiki dakika moja. Wateja wake ni kijana wa Kihindi aliyetoka ofisini, dereva wa bajaji na mzee wa Kizaramo, na wanasimama foleni moja.

Jioni moshi wa kuku wa kuchoma unaanza kupanda upande wa Mtaa wa Libya, na meza zinatolewa nje. Chakula hicho kimekuwa sababu ya watu wa Mbezi na Kigamboni kufunga safari ya mjini usiku.

Mwaka 1971 ulibadilisha umiliki wa mitaa hii. Aprili mwaka huo Serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Familia nyingi za Kiasia zilihama nchi. Waliobaki wakawa wapangaji katika nyumba zilizojengwa na babu zao, na wapangaji wapya wa Kiafrika wakahamia ghorofa za juu. Uchungu wa hatua hiyo haujaisha katika familia kadhaa. Lakini ni kweli pia kwamba kuanzia hapo ngazi moja ilianza kupandwa na Patel, Mushi na Abdallah. Mwaka 1990 kazi za Msajili zilihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa.

Kuvuka Mnazi Mmoja

Kutoka Uhindini kwenda Kariakoo lazima uvuke Mnazi Mmoja, na inafaa kwenda taratibu. Hapa kuna mnara wa Mwenge wa Uhuru. Hapa kuna Ukumbi wa Arnautoglu, uliotokana na fedha za mfanyabiashara wa asili ya Kigiriki na kufunguliwa miaka ya 1950. Kandokando ya uwanja ni Mtaa wa Lumumba, zamani New Street. Katika jengo la Chama cha Waafrika lililokuwa mtaa huo, TANU ilizaliwa Julai 7, 1954.

Uwanja uliokusudiwa kutenganisha umekuwa mahali pa kukutania. Mei 2023, wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka kulalamikia kodi na mwenendo wa ukaguzi, Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, alikutana nao hapohapo Mnazi Mmoja. Wapo waliosema mbele ya umma mambo ambayo kwa kawaida husemwa nyuma ya kaunta.

Kutoka uwanjani unaingia Mtaa wa Uhuru, uliokuwa ukiitwa Kichwele. Mwandishi M.G. Vassanji, aliyekulia Dar es Salaam, aliupa mtaa huu nafasi katika fasihi ya dunia kwa kitabu chake cha hadithi fupi, Uhuru Street, cha mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo mtaa huo ni wa vitambaa.

Kanga kwa korija

Duka la kanga la jumla halina madoido. Ni fremu nyembamba yenye rafu hadi darini, ngazi ya kupandia na kaunta moja. Muuzaji anavuta doti, anaifungua kwa mkupuo mmoja hewani, na mteja anasoma jina kabla hajagusa nguo. Baada ya jina anaangalia pindo, baada ya pindo anakisugua kitambaa kwa vidole viwili kujua kama kitapauka kikifuliwa mara ya kwanza. Mnunuzi wa rejareja anaondoka na doti moja. Mwenye duka Songea au Kigoma anachukua kwa korija.

Kadiri unavyoingia ndani, kila mtaa unajitenga kwa bidhaa zake. Kuna vyombo, kuna nguo za watoto, kuna vipodozi, kuna vipuri, kuna simu. Kwenye Mtaa wa Msimbazi lipo jengo la klabu ya Simba, iliyoanzishwa 1936. Klabu ya Yanga, ya mwaka 1935, ina makao yake Jangwani, si mbali. Watani hawa wawili ni watoto wa mitaa hii, na siku ya mechi yao mwenye kuvaa jezi achague mtaa wa kupita.

Katikati ni Soko Kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, na kufunguliwa mwaka 1975. Paa lake la zege lina umbo la miavuli iliyogeuzwa juu chini, inayokinga maji ya mvua na kuingiza hewa bila feni. Usiku wa Julai 10, 2021 liliungua. Serikali ilitenga zaidi ya Shilingi bilioni 28 kulikarabati na kujenga jingine jipya ubavuni mwake.

Mgeni hapa atapokelewa na winga. Huyu ni kijana asiye na duka, mwenye kujua kila fremu, anayekufuata akiuliza unatafuta nini. Anakupeleka dukani, bei unayotajiwa ina chake ndani. Mnunuzi kutoka Lilongwe au Bujumbura asiyejua mitaa anamhitaji. Mkazi wa Temeke anayejua anachotaka anamkwepa kwa kutembea haraka.

> Mitaa ya Kariakoo ni duka moja kubwa ambalo korido zake ni za umma. Korido hizo ndizo zinazouzwa kila siku.

Nani mwenye njia?

Hapo ndipo ugomvi ulipo. Kila upande una hoja, na hoja zenyewe ni za kweli.

Machinga husema anafuata wateja waliko. Desemba 2018 Serikali ya Awamu ya Tano ilianza kuwapa wafanyabiashara wadogo vitambulisho vya Shilingi 20,000, na wengi walivichukua kama kibali cha kupanga bidhaa popote. Oktoba 2021 waliamriwa kuondoka kando ya barabara na kwenda maeneo waliyotengewa. Wapo waliokwenda, wakakaa siku kutwa bila kuuza, wakarudi. Mwenye mtaji wa ndoo moja ya maembe hawezi kungoja mteja amfuate ghorofa ya tatu.

Mwenye duka hujibu kwamba analipa pango, leseni na kodi, halafu mlango wake unazibwa na mtu anayeuza bidhaa ileile kwa bei ya chini. Jambo ambalo husemwa kwa sauti ndogo ni kwamba si wachache wenye maduka wanaowapa machinga mali yao wakaiuze nje, ili wauze ndani na barabarani kwa pamoja.

Mwenye gari naye ana madai yake. Nafasi za kuegesha kandokando ya mitaa zinalipiwa, na wakala wa barabara, Tarura, hukusanya ada. Gari moja linalosimama Mtaa wa Zanaki tangu asubuhi hadi jioni linachukua nafasi ambayo mamia ya watu wangeipita. Pikipiki hazihitaji hata hiyo nafasi. Barabara ikijaa zinapanda juu ya njia ya miguu.

Kuna mfano mmoja, humuhumu mjini, wa njia ya miguu iliyojengwa kwa makusudi. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Msimbazi zilipata njia pana za watembeaji, zenye kingo na mteremko wa kiti cha magurudumu. Njia hizo zilionyesha kwamba Dar es Salaam inaweza. Zilionyesha pia kwamba njia isiyo na msimamizi hugeuka soko kabla saruji haijakauka vizuri.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Idadi hiyo haiwezi kuhudumiwa kwa magari binafsi katika mitaa iliyopimwa enzi za mikokoteni. Hata anayefika kwa mwendokasi au daladala humaliza safari yake kwa miguu.

Ghorofa juu, ukuta chini

Ugomvi wa pili unahusu majengo yenyewe, na huu ni mgumu zaidi kwa sababu jengo likishaangushwa halirudi.

Mwenye nyumba ya vyumba sita Kariakoo ana kiwanja ambacho thamani yake imezidi nyumba mara nyingi. Mwekezaji anakuja na fedha, wanaingia ubia, nyumba inaangushwa, linainuka jengo la fremu kadhaa kwa kadhaa, na familia inapewa sehemu yake. Anayemlaumu mwenye nyumba huyo ajiulize angefanya nini yeye. Kisutu na Upanga nako ubia wa namna hiyo umezaa ghorofa nyingi, zikiwamo zilizosimama kwenye viwanja vya nyumba zilizotwaliwa 1971.

Gharama ya haraka hii imeonekana. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, jengo la Kariakoo lililokuwa na maduka yaliyofunguliwa liliporomoka asubuhi, na waliokufa walizidi 20. Safari hii Serikali iliunda timu ya kukagua majengo ya Kariakoo yote.

Kuna pia hasara isiyo na majeneza. Ghorofa mpya nyingi hazina roshani juu ya njia, wala duka linalotazama mtaa. Zina ukuta, geti, mlinzi na mteremko wa magari. Mtembeaji anayepita mbele yake anapigwa na jua upande mmoja na joto la ukuta upande wa pili, na hana sababu ya kusimama. Mitaa mitatu ya namna hiyo ikifuatana, watu huacha kupita. Watu wakiacha kupita, muuza tambuu anahama.

Sheria haina meno ya kutosha hapa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ililenga zaidi magofu na majengo ya kabla ya ukoloni. Boma la Kale na Nyumba ya Atiman, zote za miaka ya 1860, zina kinga. Duka la mwaka 1938 la Mtaa wa Jamhuri halina, mpaka waziri atangaze. Nalo duka hilo, likiwa peke yake, si la ajabu. Thamani yake imo katika kupangana na wenzake ishirini.

Wapo wanaolishughulikia jambo hili. Kituo cha urithi wa usanifu majengo, kinachojulikana kama DARCH, kimo ndani ya Boma la Kale lililokarabatiwa, Sokoine Drive, na kinaeleza historia ya ujenzi wa mji. Mchoraji Sarah Markes alichora mitaa ya katikati ya mji na kuchapisha michoro hiyo mwaka 2011 katika kitabu Street Level, kilichotolewa na Mkuki na Nyota. Baadhi ya majengo aliyoyachora sasa yanapatikana kitabuni tu.

> Duka moja la mwaka 1938 si la ajabu. Thamani yake imo katika kupangana na wenzake ishirini.

Mgeni ni nani?

Mchanganyiko wa watu uliotengeneza mitaa hii umerudi kwenye mjadala, safari hii kwa sababu ya Wachina. Malalamiko kwamba wageni wanauza rejareja Kariakoo, hadi bidhaa ndogo ambazo zamani zilikuwa za machinga, yalizidi kiasi kwamba Februari 2025 Wizara ya Viwanda na Biashara iliunda kamati ya kuyachunguza. Julai mwaka huohuo Serikali ikatoa amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara 15, zikiwamo za jumla na rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ukarabati wa simu na kuongoza watalii. Supamaketi ziliachwa nje ya katazo.

Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo waliishangilia. Mtu aliyekopa benki na kulipa kilemba cha fremu hawezi kushindana na muuzaji ambaye ndugu yake ndiye mwenye kiwanda. Kwa upande mwingine, malalamiko yalitoka Kenya, ambako amri hiyo ilionekana kugongana na makubaliano ya soko la pamoja la Afrika Mashariki.

Kariakoo inaishi kwa wageni wanaonunua. Mama wa Lubumbashi anayepakia marobota na Mngazija anayejaza kontena ndio wanaolipa pango la fremu nyingi. Serikali ina haki ya kuamua nani auze nini. Ila mtaa nao uwe na adabu ya kutofautisha. Familia ya Kisutu yenye vizazi vinne hapa na vitambulisho vya taifa mfukoni si wageni, na kuwaweka kapu moja na aliyeshuka ndege mwaka jana ni kurudi kwenye kanda za 1924 kwa mlango wa nyuma.

Ukitaka kutembea

Anzia Boma la Kale asubuhi, kabla jua halijawa kali, au shukia kituo cha mwendokasi cha Kisutu. Jumapili asubuhi Uhindini ni tulivu na majengo yanaonekana vizuri. Kariakoo inafaa siku ya kazi. Desemba mwachie mwenye shida ya kununua.

Hekaluni vua viatu. Msikitini vaa nguo za staha, na mchana wa Ijumaa usizibe njia kwa ajili ya picha. Muombe ruhusa unayetaka kumpiga picha, na akikataa yaishe. Simu ikae mfuko wa mbele. Winga akikuongoza, muulize mapema chake ni kiasi gani. Njaa ikikuuma Kisutu kuna kababu na chai ya maziwa, Kariakoo kuna juisi ya miwa yenye limau na tangawizi. Ukirudi umechoka, Gerezani kuna mwendokasi.

Kinachotakiwa

Maneno kwamba machinga, wenye maduka na wenye magari hawawezi kupatana yamekuwa kisingizio cha kutofanya lolote. Yapo mambo matatu ambayo Jiji linaweza kuyafanya bila kungoja mfadhili.

La kwanza ni kupima upana wa njia ya mtu kila mtaa, kuchora mstari, na kuusimamia kila siku badala ya operesheni ya mara moja kwa miaka mitatu. Upande mmoja wa mstari machinga akae kihalali na alipie. Upande wa pili asikae mtu, wala boksi la mwenye duka, wala pikipiki. Mitaa kama Kongo ifungwe kwa magari saa za mchana, mizigo iingie usiku na alfajiri.

La pili ni sharti kwenye kibali cha ujenzi. Atakayejenga ghorofa Kisutu au Kariakoo aache duka linalotazama mtaa na kivuli juu ya njia, kama walivyofanya wajenzi wa miaka ya 1930. Sharti hilo halimnyimi mwekezaji ghorofa hata moja.

La tatu ni kutangaza mitaa, sio jengo mojamoja. Kipande cha Kisutu, cha Jamhuri na cha Mtaa wa Uhuru kikilindwa kama eneo, mwenye nyumba atajua mapema anachoruhusiwa, na mwekezaji ataacha kuvizia.

Zanzibar inapata fedha nyingi kutokana na watalii wanaokuja kutembea Mji Mkongwe. Dar es Salaam ina mitaa yenye historia inayogusa Bara zima, na mpaka sasa inaichukulia kama kero ya foleni. Madiwani wa Jiji wanapokaa kupitisha bajeti, wajiulize fungu la njia za waenda kwa miguu wa Kisutu na Kariakoo ni kiasi gani. Na wewe msomaji, kabla hujasema mjini hakuna cha kuona, acha gari nyumbani Jumapili moja ukaione mitaa hii ingali imesimama.